Pumzi Tatu Kabla ya Kumbeba Mtoto

Kwa wiki tatu nililala vibaya kwa sababu ya swali moja: binti yangu akilia, kwa nini mimi nafikiri kwanza ndipo niende? Si kwamba nilichelewa sana. Labda sekunde mbili. Lakini katika sekunde hizo mbili nilijiona wazi kabisa nikijiuliza ni kilio cha aina gani, cha njaa, cha gesi au cha kunichukia, na mama wa kweli, nilivyoamini wakati huo, hana sekunde mbili. Mama wa kweli hushtukia tu kwamba ameshambeba.

Nilikuwa na shahada ya saikolojia, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Chuoni tulifundishwa kwamba mama akiutazama uso wa mtoto wake, ubongo wake huwaka na kujibu: kicheko huamsha kitu, kilio huamsha kingine. Baada ya kujifungua niliendelea kusoma kwenye simu, na simu haichoki kumtisha mtu. Huko nikakutana na habari za akina mama wanaojizoeza utulivu wa akili, yaani kukaa na pumzi yako na kuona kinachopita ndani yako bila kukimbizana nacho, na kwamba mazoezi hayo huenda yakabadili namna ubongo unavyoipokea furaha na huzuni ya mtoto. Mwingine angesoma akaridhika. Mimi nilisoma nikahitimisha kwamba ubongo wangu haukuwaka tangu mwanzo.

Binti alikuwa na miezi mitano. Tulipanga chumba na sebule Ediofe, pembeni mwa mji wa Arua, karibu kiasi cha kusikia kengele ya kanisa kuu. Mume wangu anafundisha Adjumani, na alikuwa akija mwisho wa mwezi, kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili, mmoja akihisi na mwingine akimchunguza. Nilinunua daftari. Nikapiga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja hisia za mtoto, upande wa pili zangu. Ukurasa wa kwanza unasema: "Amecheka. Mimi: nimejiuliza kama ni kicheko au gesi. Amelia. Mimi: kiu. Ameona kuku, amefurahi sana. Mimi: nimemwonea kuku wivu."

Nilijaribu na mazoezi yenyewe. Kulikuwa na mwanamume ndani ya simu, sauti yake laini kama mafuta ya simsim, aliyeniambia nifumbe macho, nihisi hewa ikipita puani, na mawazo yakija niyaache yapite. Mawazo yangu hayakuwa ya kupita. Yalikuja kama ng'ombe wa siku ya mnada, yote kwa pamoja, na kila moja likitaka kuangaliwa meno. Aliyefaidika ni binti. Kila mara mwanamume yule alipofika mahali pa kusema "pumua", binti alikuwa ameshalala fofofo, nami nimebaki nikijiuliza kwa nini anatulia kwa sauti ya mtu asiyemjua kuliko yangu. Nikaliandika na hilo.

Siku moja mama yangu alikuja kutoka kijijini kwetu Ayivu na gunia la muhogo nyuma ya bodaboda. Alinikuta nimemwinamia mtoto anayelia, kalamu mkononi. Alimchukua mtoto kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili, akaliangalia huku na huku.

"Hii ni nini?"

"Ni kumbukumbu, mama. Nafuatilia hisia zake."

"Zimekimbilia wapi?"

"Nataka kujua kama ubongo wangu unamjibu."

Mama alimpigapiga mtoto mgongoni. Kisha akasema, kwa Kilugbara cha nyumbani, ambacho kinauma kuliko Kiswahili: "Miaka mitatu tulilima peke yetu ili wewe usome. Sasa mtoto analia, wewe unamwandika kama askari wa barabarani." Akaenda zake jikoni na mtoto, na mtoto akanyamaza kabla hawajafika mlangoni.

Wiki ile ile ziliingia simu mbili. Ya kwanza ilitoka kwa shirika dogo ambalo nilikuwa nimeliandikia barua zamani hadi nikasahau. Walitaka mtu wa kuzungukia vikundi vya akina mama, awafundishe utulivu wa akili pamoja na watoto wao. Wangenijaribu kwanza kwa kipindi kimoja, mjini Koboko, msimamizi akiwa anaangalia. Mimi, mtu ambaye hajawahi kutulia hata akiwa amelala, nilisema nimekubali.

Simu ya pili ilitoka kwa mama mkwe, Koboko huko huko. Kikundi ambacho ningekifundisha ndicho yeye alichokuwa mwenyekiti wake, na habari ilikuwa imemfikia kabla yangu. Mama mkwe ni mjane wa askari. Nusu ya maisha yake aliishi katika kambi za jeshi, na Kiswahili chake ni cha huko, kifupi na chenye buti.

"Kazi imekuja, chukua," alisema. "Mutoto leta hapa. Mimi iko."

Kisha akakata.

Kwetu bibi kulea mjukuu si habari. Nusu ya darasa langu la msingi walilelewa na bibi zao. Ningeweza kukasirika kwamba hakuuliza. Badala yake nilihisi nafuu, halafu nikahisi aibu kwa kuhisi nafuu. Maana hoja ilikuwa imekamilika yenyewe. Mtoto anahitaji mtu ambaye ubongo wake unamjibu. Wangu haujibu. Wa bibi yake, ambaye amelea watoto saba na wengine wasio wake, lazima unajibu. Nilimweleza mume wangu kwa simu hoja hiyo, hatua kwa hatua, naye akasema, "Kama mama amesema, amesema." Nikafunga mizigo miwili, mkubwa wa mtoto wa kubaki, na mdogo wangu wa kurudi nao.

Tulipofika Koboko, mama mkwe alimpokea mtoto mlangoni kabla ya salamu.

"Mbona nyembamba hivi?"

"Nani, mama? Mimi au mtoto?"

"Yote mbili."

Kesho yake asubuhi tulikutana kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, ambapo kikundi husuka vifuniko vya chakula vya rangi. Walikuja wanawake kumi na mmoja na watoto tisa. Wangu akawa wa kumi. Wengi walikuwa wake au mabinti wa askari, na walikaa kwenye mkeka kwa mstari ulionyooka bila mtu kuwaambia. Msimamizi wa shirika alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikono, na fomu yenye visanduku vya kutia alama. Aliniita kando akaniambia kisanduku kikubwa ni kimoja tu: kama washiriki wametulia.

Nikaanza kueleza. Kiswahili nilikichukua kama somo shuleni, na mama mkwe hukiita Kiswahili cha redio. "Tutawalaza watoto mbele yetu," nikasema. "Tutafumba macho. Mtoto akilia, tusimrukie. Tuvute kwanza pumzi tatu, tusikilize kilio kinagusa wapi mwilini, ndipo tumbebe."

Mwanamke mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani akanyoosha mkono. "Pumzi tatu ya nani? Ya mimi ao ya mutoto?"

"Yako."

"Na kama yeye namezaka kifungo ya shati?"

"Hapo usisubiri."

"Sasa mimi nimefumba macho, nitajua namna gani ni kifungo?"

"Wacha mwalimu afundishe," mama mkwe akasema. "Yeye alisoma Kampala."

"Hata askari iko nafundishwa kupumua mbele ya kupiga bunduki," mwingine akasema kutoka mwisho wa mstari.

"Bwana yangu alipumua," akajibu wa kitambaa cha njano. "Akakosa."

Walicheka hadi watoto wawili wakaamka. Nikangoja, nikaomba tena, na hatimaye wote wakafumba macho. Nami nikafumba, niwe mfano.

Nilisikia kuku wakiparura nyuma ya banda na cherehani ya jirani ikienda na kusimama. Nilihesabu pumzi yangu moja, nikaanza kuwaza kama msimamizi anahesabu. Ndipo mtoto akalia.

Nilijua ni wangu. Sikufikiri. Sikumaliza hata pumzi ya kwanza. Kifua kilijibu chenyewe, maziwa yakashuka, blauzi ikalowa, na mikono ikawa imeshakwenda mbele kabla sijaituma. Nikamnyanyua, nikamkumbatia, naye akaishika blauzi yangu kwa mdomo na kuivuta kwa nguvu ambazo sikumjua nazo. Vilio vingine vilipanda hapa na pale kwenye mkeka, kisha vikatulia kimoja kimoja. Nilikaa gizani mwa macho yangu nikiwa karibu kulia kwa furaha. Nilijiambia, unawaka. Ubongo wako unawaka, ulikuwa mzima siku zote.

"Fumbueni macho," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ilikuwa kama mafuta ya simsim.

Mapajani mwangu alikaa mvulana wa miezi kama kumi, mwenye meno mawili na kiatu kimoja, akinitazama kama mteja anayelijua duka.

Nikainua macho. Isipokuwa mwanamke mmoja tu, hakuna aliyembeba mtoto aliyekuja naye. Yule wa kitambaa cha njano alikuwa na wawili, na hakuna wake. Msimamizi, ambaye naye alifumba macho kwa utii, alikuwa amelaliwa na kitoto juu ya fomu, na hakuthubutu kusogeza kalamu. Mwanamke mmoja alikuwa amekitia mapajani mwa kijana huyo bila kufumbua macho, akidhani ni mwenzake. Na wala hakuna aliyeshangaa. Walianza kurudishiana watoto kama watu wanavyogawana sufuria baada ya matanga.

"Hii ya nani?"

"Ya yule. Hapana, ile ya pembeni."

"Yako ni mzito, unalisha yeye mawe?"

Mama wa mvulana wa kiatu kimoja alikuja kumchukua. "Samahani," nikamwambia, "nilikaribia kumnyonyesha mtoto wako."

"Ungenyonyesha tu. Asubuhi alikataa yangu."

Mama mkwe aliona uso wangu, akafikiri natafuta maelezo. "Kambini nyumba yote ilikuwa laini moja," akasema. "Ukuta moja. Wanaume wametumwa mbali, wanawake wengine iko kwa maji, wengine iko kwa kuni. Mutoto akilia, mutu iko karibu nabeba. Ukingoja mama yake, mutoto napasuka." Wengine wakaitikia. Wale wadogo, ambao hawakuzikuta kambi, walikuwa wamejifunza kwa mama zao. Nilikuwa nimewafumbisha macho wanawake ambao mikono yao haijawahi kuuliza mtoto ni wa nani, nikawaambia wajisikilize.

Lakini mimi sikutoka kambini. Mimi nilikuwa nimesikia binti yangu, tena bila shaka yoyote, na binti yangu hakuwa amelia kabisa. Mikono iliyokuwa karibu ilikuwa imempitisha hadi upande wa pili wa banda, na sasa alikuwa mmoja wa wale wawili wa kitambaa cha njano, mkavu na mtulivu. Furaha yangu yote ikamwagika. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kueleza mambo, nikawaeleza.

"Nilidhani ni wangu," nikasema mbele ya kikundi kizima na fomu. "Maziwa yalishuka. Ubongo wangu umemjibu mtoto wa mtu mwingine."

"Maziwa hapana soma kadi ya kliniki," akasema wa kitambaa cha njano.

Walicheka tena. Mimi sikucheka. Nilimtazama binti yangu, na nikahisi uso wangu ukianza kujikunja, nyusi kwanza, kisha mdomo. Upande wa pili, juu ya lile paja kubwa ambako alikuwa ametulia muda wote, nyusi za binti zikajikunja. Mdomo wa chini ukatoka. Nikashtuka, nyusi zangu zikapanda, zake zikapanda. Vichwa kumi vilikuwa kati yetu, vyote vikisogea na kuongea, na yeye alikuwa akiangalia kimoja.

Mama mkwe aliona. "Tazama," akawaambia wenzake, kama mtu anayeonyesha mahali paa linapovuja. "Huyu nakunja, huyu nakunja. Miezi mitano wewe nachunguza yeye. Yeye nachunguza wewe. Nani nafanya kazi kushinda mwenzake?"

Nilijaribu kutabasamu. Lilikuwa tabasamu baya, la picha ya kitambulisho. Binti alilipima, akalikubali nusu, na mdomo wake ukarudi ndani. Nilivuka mkeka nikamchukua. Msimamizi alitia alama kwenye kisanduku chake, akitumia mkono mmoja.

Baada ya watu kutawanyika nilikaa na mama mkwe nje ya jiko. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, binti amelala kwenye kanga pembeni yetu. Nilijua ananiona ninavyoutazama ule mzigo mkubwa uliokuwa bado umefungwa mlangoni.

"Usiogope," akasema. "Mimi pia niliacha bwana yako."

"Ulimwacha wapi, mama?"

"Hapa hapa, kwa mama yangu. Alikuwa na miezi sita. Mimi nikafuata baba yake kambini, mbali. Yeye alilia siku tatu tu. Kisha akasahau."

"Akasahau kulia?"

"Akasahau mimi." Alitoa jiwe dogo kwenye maharage akalitupa. "Nilirudi, yeye iko na miaka mbili. Alijificha nyuma ya mulango. Mpaka leo nasalimia mimi kama ofisa. Si umeona?"

Nilikuwa nimeona. Mama yake akiingia, mume wangu husimama, mikono ubavuni, na hajibu hadi aulizwe. Miaka yote nilidhani ni adabu.

"Lakini alikua vizuri," akasema.

"Alikua vizuri sana, mama."

"Hakuna mutu alikufa."

"Hakuna."

Aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko maharage yalivyohitaji.

Niliondoka nikaenda nyuma ya choo, mahali pekee katika boma lile ambapo mtu anaweza kufikiri bila kuulizwa anafikiri nini. Nilitengeneza sababu saba, nikazipanga kutoka ndogo kwenda kubwa, na kwa kila moja nikatayarisha jibu lake na jibu la jibu. Nilizihitaji zote, kwa sababu mama mkwe haambiwi hapana. Hata wakubwa wa mji ule humwamkia wao kwanza. Tena sikuwa na ushahidi wowote. Bado nilikuwa mtu wa sekunde mbili. Mara moja tu nilipokwenda bila kufikiri, nilimnyanyua mvulana wa watu. Kama bibi alikuwa bora kuliko mimi asubuhi, alikuwa bado bora mchana. Kilichobadilika ni kimoja: nilikuwa nimeona kule mtoto anakotazama.

Nikarudi jikoni, na sababu zote saba zikabaki nyuma ya choo.

"Mama, mtoto habaki. Nitarudi naye."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Alinitazama kwa muda mrefu, na mimi, kwa jitihada ambayo hakuna fomu ingeipima, sikuangalia chini.

"Kwa sababu ya ile nimesema?"

"Kwa sababu hiyo, na nyingine sita. Nimezisahau."

"Na kazi?"

"Nitambeba."

"Akilia mbele ya watu ya kazi?"

"Watakuwa akina mama tupu, mama. Mmoja wao atakuwa karibu."

Aliupepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka. Nilisubiri amri. "Mwisho ya mwezi mimi nakuja Arua," akasema. "Mimi hapana omba ruhusa."

"Karibu, mama."

"Sasa kwenda ambia ile kijana ya fomu, mbele ya yeye kupanda pikipiki. Ukilala na hii neno utaanza kufikiri tena."

Nilimfunga binti mgongoni nikakimbia. Msimamizi alikuwa langoni akifuta shati mahali ambapo kitoto kilikuwa kimemwachia alama. Nikamwambia kazi naitaka, ila kila kikundi nitakachokwenda nitakwenda na mtoto, na kama haiwezekani basi watafute mwingine. Alifungua fomu, akatafuta ukurasa wa mbele, akatafuta wa nyuma.

"Hakuna mahali pa kuandika hilo."

"Andika pembeni."

Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo sana, akaniomba nitie sahihi hapo hapo. Nikatia.

Kazi nikapewa, na kikundi changu cha kwanza kilikuwa Kuluva, Jumatatu iliyofuata. Nilishuka kwenye bodaboda nikiwa na binti mgongoni na mkoba kifuani. Wanawake walikuwa wameshakaa. Kabla sijasalimia, mmoja ambaye sijawahi kumwona alinyoosha mikono miwili. Nikafungua kanga, nikampa.